Skuli ya watoto 1,600, nani atamjua wangu?

Salaam aleikum Bi Mshauri,

Nakuandikia usiku huu watu washalala manake mchana sipati nafasi na pia sitaki mtu anione naandika. Mimi ni mama wa watoto watatu, twaishi Tudor hapa Mombasa, mume wangu afanya kazi bandarini, mimi nauza mahamri na viazi karai asubuhi na jioni hapa nje ya nyumba. Binti yangu mkubwa yuko Gredi ya 9, mwisho wa mwaka huu afanya KJSEA, ule mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na sasa imefika zamu ya kuchagua skuli za Gredi ya 10, na nyumba yangu imegawanyika Bi Mshauri, haijawahi kuwa hivi.

Skuli ya kwanza ni ya serikali, kubwa, ya kutwa, hapa hapa kisiwani, kutoka kwangu ni robo saa kwa miguu. Ina watoto kama 1,600. Ya pili ni akademi ndogo ya binafsi upande wa Bamburi, watoto wote hawafiki 200. Sisi wenyewe akademi hatuiwezi, tusidanganyane, ni 60,000 kwa muhula kabla ya basi na yunifomu. Lakini wifi yangu, dadake mume wangu, yuko Doha afanya kazi, hana mtoto, na binti yangu ndie roho yake. Amesema atalipa yeye. Siku aliyopiga simu nililia kwa furaha, halafu mume wangu akasema hapana. Yuwasema yeye kasoma skuli ya serikali na mikono yake yalisha watoto, na hataki dadake apigwe na jua la Doha kwa kitu ambacho hapa chapatikana bure. Tangu siku hiyo wakipigiana simu ni salamu tu, vipi hali, nzuri, haya kwaheri.

Sasa nikwambie kinachonitisha mimi skuli kubwa. Nna ndugu yangu mdogo, wa kunifuata mimi. Alisoma skuli kubwa ya serikali, si hii, nyengine, siitaji. Alikuwa Fomu 2, mwaka ule ndio baba yetu alifariki. Kila asubuhi avaa yunifomu, anywa chai yake, achukua begi aenda. Jioni arudi. Muhula mzima Bi Mshauri. Mamangu alipokwenda kulipa pesa za mtihani karani akamwambia huyu mtoto mbona haonekani, ikaletwa rejista ikafunguliwa mbele yake, msururu wa hayupo, hayupo, hayupo, wiki tisa. Wiki tisa hakuna alieuliza! Kumbe alikuwa ashinda kule Mama Ngina, akaa kwenye mawe aangalia meli zaingia mpaka saa ya skuli kutoka ndio arudi nyumbani. Darasani hakurudi tena. Leo ni mtu mzima, abeba magunia soko la Kongowea, mpole, mtu wa watu, lakini hana cheti hata kimoja na nikiuona mgongo wake naikumbuka ile rejista.

Hata hivo nilijilazimisha nikaenda kuiangalia hii skuli ya hapa kwetu siku walipoalika wazazi. Viti holini, spika, prinsipo akaongea vizuri, tukasomewa majina ya waliopata A kwenye KCSE, mtihani wa Fomu 4. Halafu wanafunzi waliovaa bleza wakatutembeza. Lebu kubwa mashallah, hadubini zimepangwa juu ya meza ila mbili zilikuwa bado ziko ndani ya nailoni yake. Nikaomba kwenda chooni nkaambiwa vya wanafunzi leo vimefungwa nitumie vya walimu. Darasa moja nkahesabu madawati, 58. Na kitu kilichonikata maini, tukiwa twapita kwenye veranda mwalimu mmoja akamwita msichana, "wewe, wewe mwenye tai imelegea," jina lake halijui.

Lakini nisiwe mnafiki. Kule nyuma kuna karakana, na mwalimu wa umeme, mzee mmoja amevaa koti la buluu lina madoa ya mafuta, binti yangu akasimama pale akamuuliza kitu kuhusu breka, kwa nini yakata umeme wa chumba kimoja na si nyumba nzima, wakaongea mpaka kundi likatuwacha. Huyu mtoto apenda umeme Bi Mshauri. Feni ya chumbani ilikufa, akaifungua kwa kisu cha kupakia siagi akaifunga, mpaka leo yazunguka. Yeye ataka asome Fizikia na hilo somo la umeme.

Akademi tulikwenda wiki ya pili yake. Tukapewa chai na biskuti. Darasani watoto 18. Mkurugenzi alimwita binti yangu kwa jina lake mpaka twatoka getini, nkahisi moyo umetua. Ila umeme hawasomeshi, wana mikondo miwili tu ya masomo na nilipouliza wakasema "tutaangalia huko mbele". Na basi lao lafika Tudor saa kumi na mbili jioni, madrasa ishatoka, na yeye amebakisha juzuu chache tu amalize, kwa watu wa upande wa mume wangu hilo ni neno kubwa.

Nikimuuliza mwenyewe ataka wapi asema "popote mama". Tena asema huku aangalia simu.

Bi Mshauri, skuli kubwa kama ile mzazi aipima vipi? Au mimi ndio nna uoga wangu nataka kumvisha mtoto? Nisaidie, usinitaje.

Mama, Tudor

*

Waalaikum salaam dada yangu,

Asante kwa kuniamini na jambo hili, na asante kwa kuandika usiku mwili ushachoka. Kabla sijakaa kwenye kazi hii ya ushauri nilisomesha skuli za serikali miaka mingi, kwa hivo mengine nitakayokwambia nimeyaona kwa macho, nimewahi kuwa mimi mwenyewe yule mwalimu wa "wewe mwenye tai imelegea" na siku hizi nikikumbuka naona haya.

Wacha nione kama nimekusikia. Wataka mtoto wako awe mahali ambapo akikosekana mtu atashtuka. Hilo ndilo nililosikia mimi, na mengine yote, elfu sitini, Doha, basi, madrasa, yamekuja kukaa juu yake. Huogopi ukubwa wa skuli, waogopa wiki tisa. Kama nimekosea nirekebishe, lakini kama ndivyo basi swali lako lina njia ya kupimwa, manake ukubwa hautaubadilisha kwa kuuangalia lakini suala la nani ashtuka waweza ukaenda ukauliza na ukajibiwa.

Kuna kitu umekiandika kwa mstari mmoja ukapita haraka. Umesema mwaka ule ndio baba yenu alifariki. Dada yangu, nduguyo alikuwa Fomu 2, kijana mdogo kabisa, kafiwa na babake, na akaenda akakaa baharini wiki tisa. Skuli ile ilikosea sana, na sitaitetea, rejista yajazwa kila siku na mtu mzima alieajiriwa, hayupo ya siku ya tatu ilitosha kumpeleka mtu nyumbani kwenu. Lakini nakuuliza kwa upole, nawe usijibu haraka: lile lililomtoa darasani lilikuwa ni wingi wa watoto, au ni msiba ambao hata nyumbani hakuna alieweza kuuona manake kila mtu alikuwa ndani ya wake? Sikulaumu wewe wala mamako, mlikuwa mmefiwa nyote. Nauliza kwa sababu kama ni msiba, akademi yenye darasa la watoto 18 ingemuona siku ya pili pengine, au pengine ingemuona ikamfukuza kwa sababu ada ya muhula haijalipwa na baba ndio alikuwa mlipaji. Nimeona yote mawili yakitokea.

Mtoto haishi ndani ya watoto 1,600. Aishi ndani ya darasa lake, marafiki wanne watano, klabu moja, na kama ana bahati, mwalimu mmoja. Hayo ndio makazi yake, na skuli kubwa ina makazi mazuri na mabaya chini ya paa moja, yani wawili waweza kutoka nyumba moja wakasoma pale na ukiwasikiliza wakihadithia utadhani ni skuli mbili. Kwa hivo ule wastani wa skuli haukwambii sana. Kitakachokwambia ni wako ataangukia wapi mle ndani na ni nani amshike akiteleza.

Wewe siku ile ulienda siku ya wageni. Nenda siku ambayo hukualikwa. Andika barua fupi au pitia kwa karani uombe kumuona deputi, yani naibu wa prinsipo, wana haki ya kukupangia siku na wewe una haki ya kuomba, ni skuli ya umma. Na kabla ya siku hiyo pita getini saa moja kasoro asubuhi ununue hata maji tu usimame. Angalia wanaochelewa wafanywa nini. Kama wapigwa, jua kwamba sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imekataza viboko, na skuli inayopiga mbele ya geti ndani yafanya zaidi. Kama wapigishwa magoti juani nusu saa huku somo la kwanza laendelea, hilo nalo lakwambia kitu. Na kama kuna mtu ana daftari, aandika jina na kuuliza "leo nini tena, mama bado mgonjwa?", dada yangu hapo umeona kitu ambacho kwenye spika ya holi hakisemwi.

Ukishamkalisha deputi, swali lako moja kubwa ni hili: mtoto asipofika leo na hakuna taarifa, nani apiga simu, saa ngapi, na kwa nambari gani? Usikubali "sisi tuna utaratibu". Omba akuonyeshe. Kila skuli ina rejista ya darasa, mwambie naomba nione tu ukurasa wa wiki iliyopita, majina ayafunike kwa karatasi. Kama kuna hayupo tatu mfululizo muulize kwa huyu mlifanya nini. Deputi mzuri atajua, au atamwita mwalimu wa darasa na yeye atajua. Deputi ambae atakasirika kwa swali hilo, basi na hasira yake ni jibu.

Halafu mtafute mwalimu wa ushauri nasaha. Kila skuli itakwambia yuko. Muulize ana vipindi vingapi kwa wiki. Mara nyingi ni mwalimu wa somo kama wengine, ana ratiba imejaa, na kazi ya ushauri kapewa kama nyongeza, mtoto akitaka kumuona amngoje baada ya saa kumi watu washaenda. Muulize pia mtoto aliefiwa hapo skulini mara ya mwisho mlimfanyia nini. Hilo swali ni lako wewe hasa.

Madawati 58 najua yamekutia wasiwasi, nami pia yamenitia. Darasa la sekondari kwa kiwango cha wizara latakiwa lisizidi 45. Tangu serikali iliposema mwaka 2018 kwamba kila mtoto wa darasa la nane lazima avuke kwenda sekondari, skuli nyingi za mjini zilijaa na majengo hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Pesa ambazo serikali imepangia kila mwanafunzi ni shilingi 22,244 kwa mwaka na mara nyingi zachelewa kufika. Kwa hivo ile "bure" ya mume wako mpendwa ina bei, bei yake ni kusongamana, na mzazi wa kutwa bado atalipa chakula cha mchana na yunifomu. Lakini muulize deputi jambo moja, je masomo ya kuchagua nayo yana watoto 58? Manake sasa Gredi ya 10 si kama zamani. Mtoto ana masomo ya lazima ambayo watakaa wote, Kiingereza, Kiswahili, hesabu na kadhalika, halafu ana matatu ya kuchagua kulingana na mkondo wake. Kwenye hayo matatu darasa hupasuka. Inawezekana hesabu wako 58 na somo la umeme wako 15 karakanani na yule mzee. Au inawezekana wako 58 vilevile na mashine ni mbili. Hilo nenda ukaone, na uende siku ya kipindi chao, ukute waya ziko mikononi mwa watoto au ziko kabatini.

Na huyo mzee wa koti la buluu. Nakuomba usimsahau, manake katika barua yako yote yeye ndie mtu mzima pekee ambae binti yako alizungumza nae kwa hiari yake. Lakini uliza kitu ambacho wazazi hawaulizi: amebakisha miaka mingapi? Mwalimu wa serikali astaafu akifika 60. Kama aondoka mwakani na TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, haijaleta mwengine, basi hiyo karakana yaweza kufungwa kufuli na mtoto akaambiwa achague somo jengine. Uliza kama kuna mwengine wa pili, na kama ameajiriwa na TSC au alipwa na bodi ya skuli, wa bodi huondoka pale anapopata bora.

Kuhusu yale majina ya A mliyosomewa, yafurahie lakini usiyapime sana. KCSE wanayoisifia ni ya mfumo wa zamani, kundi la mwisho la mfumo huo lafanya 2027, wako hatofanya mtihani huo, kundi la kwanza la mfumo mpya latoka Gredi ya 12 mwaka 2028, na wako mwaka mmoja baadae. Yani hakuna skuli yoyote Kenya nzima, ya serikali wala ya binafsi, yenye matokeo ya mtihani ambao binti yako ataufanya. Bado waweza kujifunza kitu kwenye hizo za zamani kama utauliza vizuri. Usiulize A ngapi, uliza waliofanya walikuwa wangapi na waliopata C+ kwenda juu ni wangapi, manake C+ ndio mlango wa kuomba digrii. Skuli ya watoto 300 wa Fomu 4 yaweza kupata A kadhaa hata kwa nguvu ya idadi tu. Mimi huangalia wale wa katikati. Mtoto mwerevu sana atasoma popote, na alieshindwa kabisa huwa ashaonekana, lakini yule wa katikati, mtulivu, hana kelele, ndie apoteao kwenye skuli kubwa. Sijui wako ni yupi. Wewe wajua.

Sasa tugeuke Bamburi, manake nao wapimwe kwa mizani ile ile, chai na biskuti ni siku ya wageni pia. Mkurugenzi kushika jina la mtoto alie mbele yake na mamake kaja na ada ni jambo zuri ila bado si ushahidi. Uliza walimu waliokuwepo mwaka juzi wangapi bado wako, manake walimu wa binafsi huitwa na TSC katikati ya mwaka wakaenda, siwalaumu. Uliza kama wamesajiliwa na wizara kusomesha sekondari ya juu na kwa mikondo ipi hasa. Na ile "tutaangalia huko mbele" kuhusu umeme, dada yangu mimi naisikia kama hapana, ya kistaarabu. Mtoto aliefungua feni kwa kisu cha siagi utamuambia asome nini pale? Inawezekana akapenda kompyuta, watoto hubadilika, lakini muulize kabla hujalipa. Na hawa 18, wakiwa wazuri ni ndugu wa maisha. Wakimchukia, miaka mitatu hana pa kuhamia, hakuna darasa jengine la kujificha.

Pesa nitaisema waziwazi. 60,000 mara mihula mitatu mara miaka mitatu ni 540,000, na hapo basi halijaingia, na ada hupanda. Zatoka mfukoni mwa mtu mmoja alie kwenye kandarasi nchi ya watu. Kandarasi ikikatika Gredi ya 11 mtafanya nini? Kumtoa mtoto katikati na kumtafutia nafasi skuli ya serikali inayosomesha masomo yale yale si rahisi. Ingekuwa vizuri swali hilo aulizwe wifi mwenyewe, kwa heshima, si kwa kumkataza. Na humo ndani nahisi kuna kitu cha ndugu wawili ambacho si cha skuli kabisa. Mume wako anaposema hataki dadake apigwe na jua, huenda ni huruma, na huenda pia ni mwanamume anaeona mtu mwengine amlipia mtoto wake. Na wifi hana mtoto, ametoa alichonacho, akaambiwa hapana. Ile salamu fupi ya simu yawauma wote wawili. Mwaweza kumshirikisha kwa njia nyengine, kwa mfano akamuwekea chuo, manake baada ya Gredi ya 12 hapo ndipo gharama hukaza. Hatari yake ni aone mwamgeuza sadaka yake vile mtakavyo nyinyi. Ndio maana nasema aulizwe, asiamuliwe.

Na tusisahau kwamba hii ya serikali nayo si kana kwamba mkishaamua imekwisha. Mtoto ajaza skuli 12, kompyuta ya wizara ndiyo ipangayo, kwa KJSEA asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Mwaka wa kwanza wazazi wengi walijikuta wamepelekwa kusikotarajiwa, likafunguliwa dirisha la kuomba kubadilishiwa. Kwa hivo hizo nafasi nyengine za kwenye fomu zijazeni kwa akili ile ile, msiandike majina kwa kusikia tu. Pengine kwenye orodha kuna skuli ya serikali ya kati, watoto 500 au 600, inayosomesha umeme, na hamjaiona kwa sababu nyumba yenu imebaki kuvutana kati ya mbili. Bweni hukuligusa na mimi silileti.

Madrasa na saa kumi na mbili jioni, hilo pimeni nyinyi na hesabu yenu na Mola wenu, ila liwekeni mezani wazi, lisije likawa ndio sababu ya kweli huku watu wabishana kuhusu lebu.

Nimebakisha "popote mama". Umesema huenda wamvisha uoga wako, na mimi nakuuliza, yeye aujua huo uoga? Ashahadithiwa ya mjomba wake? Watoto wa miaka kumi na minne hujua kila kitu nyumbani. Ajua babake na shangazi yake hawaongei kwa sababu yake, ajua mamake alilia, akisema jina la skuli moja ameshika upande. "Popote" yaweza kuwa ni kutojali, na yaweza kuwa ndio njia yake ya kutomuumiza mtu. Sijui ni ipi. Usimuulize tena ataka wapi. Mpe kazi. Mwambie twaenda zote mbili siku ya kawaida, wewe utaangalia yako na mimi yangu, tukirudi tuhadithiane. Uliza baadae pale ulimuona nani ungekaa nae chakula cha mchana, ungeumwa na kichwa ungemwambia nani. Muulize mkiwa mwakanda unga pamoja, simu ikiwa mbali, watoto huongea vizuri mikono ikiwa na kazi.

Na kuna mtu mmoja ambae hamjamuuliza nyote, si wewe, si mumeo, si wifi. Nduguyo. Hakuna mtu Mombasa nzima ajuae zaidi yake mtoto apotea vipi kwenye skuli kubwa. Ulimuona mgongo wake miaka yote hii ukaikumbuka rejista, lakini ushawahi kumuuliza zile wiki tisa ziliendaje? Siku ya kwanza alipogeuka njia alikuwa awaza nini, na kama mtu angemuita siku hiyo angerudi? Alitaka nani amuite? Mngojee jioni akitoka sokoni, mpakulie viazi, na kama binti yako yuko karibu na asikia, muwache asikie. Kisha niandikie tena uniambie alisema nini, na mwambie kuna mama mmoja alikuwa mwalimu amsalimia sana.

Bi Mshauri